PAA LA BATI NA JOTO LA FEBRUARI
Somo kwa wakulima wa Kitengela na Kajiado



Tangu Januari mpaka mvua za Machi zianze, nyumba nyingi za Kitengela hazikaliki mchana. Mama hutoka na mtoto wake akaenda kuketi chini ya mti wa jirani, na mwenye kufuga kuku wa nyama huokota mizoga baada ya adhuhuri. Watu husema jua limezidi. Ni kweli limezidi. Shirika la Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto jingi kupita miaka yote iliyopimwa kabla yake, na Machi ya mwaka huo jirani zetu wa Sudan ya Kusini walifunga shule zote kwa sababu ya joto. Hata hivyo jua la nje ni moja kwa watu wote, na bado utakuta nyumba mbili katika shamba moja, ya kwanza ina baridi na ya pili ni kama tanuri. Tofauti yake ni ujenzi. Basi mwezi huu tutajifunza njia ambazo joto hupitia kuingia nyumbani, na namna ya kuzifunga bila kununua feni.

USIKU WETU NI BARIDI

Hili ndilo jambo la kwanza kulijua, maana mengine yote yategemea hili. Kitengela iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,500 na zaidi, na mji wa Kajiado karibu mita 1,700. Mahali palipo juu namna hii, jua likiisha kutua joto hupanda mbinguni upesi, na hata katika Februari mtu hutafuta blanketi kabla ya alfajiri. Sasa linganisha na Magadi, ambayo imo katika kaunti yetu hii hii ya Kajiado lakini iko chini kabisa katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 600 tu. Huko usiku pia ni wa joto. Mtu wa Magadi, kama mtu wa Mombasa, yampasa aache nyumba yake wazi mchana na usiku ili upepo upite, kwa kuwa hana baridi ya kuweka akiba.

Sisi tunayo baridi ya kuweka akiba. Ukuta mnene wa mawe au wa udongo ni kama ghala: ukiupa hewa baridi usiku kucha, utaitoa pole pole mchana. Kwa hiyo kanuni ya Kitengela ni hii: funga madirisha jua linapopata nguvu, yaani saa tatu au saa nne asubuhi, nayo uyafungue jioni hewa ya nje ikiisha kuwa baridi kuliko ya ndani. Wengi hufanya kinyume. Hufungua mchana kutwa wakidhani wanaingiza upepo, kumbe waingiza moto. Kisha hufunga kila kitu saa moja usiku na kulala ndani ya joto walilolikusanya.

Wazee wa Kimaasai waliijua kanuni hii zamani. Enkaji, ile nyumba ya fito, udongo na samadi ambayo wanawake huijenga kwa mikono yao, ina ukuta na paa la kitu kizito na matundu madogo sana. Mchana ni baridi, usiku ina joto. Kasoro yake ni moshi na giza, nazo si kasoro ndogo, kwa macho na kwa mapafu. Lakini ye yote aliyetoka enkaji akahamia chumba cha mabati matupu ajua vema alichokipoteza. Hata wajenzi wa majumba makubwa wameifuata kanuni hiyo hiyo. Katika mji wa Harare, Zimbabwe, ambao uko juu karibu sawa na Kitengela, lilifunguliwa mwaka 1996 jengo la Eastgate lililochorwa na Mick Pearce. Jengo hilo huvuta hewa ya usiku ipite katika sakafu zake nzito za zege, na mchana baridi ile ndiyo inayowapoza wafanyakazi.

Mtu atasema: nikiacha dirisha wazi usiku, mwizi je, na mbu je? Maneno hayo ni ya haki. Dawa yake ni dirisha dogo refu la kulala, urefu wa futi tatu na kimo cha inchi tisa, lililo juu karibu na paa, lenye nondo za chuma na wavu wa mbu. Hilo halipitishi mtu, nawe waweza kuliacha wazi usiku kucha. Weka moja upande wa upepo na jingine upande wa pili, maana upepo usiokuwa na mahali pa kutokea hauingii.

PAA NDILO ADUI

Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Adhuhuri jua husimama juu ya vichwa vyetu, halisimami ubavuni mwa nyumba. Kwa hiyo katika nyumba ya chini, paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wo wote. Bati la rangi nyeusi nyeusi, jua la adhuhuri likilipiga, laweza kupita digrii 60, kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja. Chini ya bati hilo huhitaji kuguswa na jua. Bati lenyewe lakuchoma kichwa kama vile mtu aliyesimama karibu na jiko.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya jaribio hili, nalo yafaa sana lifanyike mbele ya watu barazani au shuleni. Chukua madebe mawili yaliyo sawa. Moja lipake masizi mpaka liwe jeusi, la pili lipake chokaa nyeupe. Yajaze maji ya kisima kimoja, yafunike, uyaweke juani saa tatu asubuhi. Saa nane tia mkono ndani ya moja kisha ya pili. Baada ya hapo hutahitaji kuhubiriwa habari ya rangi.

Lakini tazama paa za Kitengela: nyekundu iliyoiva, kijani, buluu, na siku hizi kijivu cheusi ambacho kimekuwa fasheni. Mtu hulipa fedha zaidi ili apate rangi itakayompikia watoto. Kama bado hujanunua, chagua bati jeupe au la rangi ya maziwa. Na lile bati la kawaida lisilopakwa rangi? Likiwa jipya hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini joto likiisha kuingia, bati hilo hulitoa kwa shida; na likianza kushika kutu hupoteza hata ule uzuri wake wa kwanza. Kulipaka rangi nyeupe ni kazi yenye faida.

Baada ya rangi, dari. Katika nyumba isiyo na dari, joto la bati lashuka moja kwa moja juu ya kitanda. Dari ya mbao nyembamba, ya mianzi, ya mikeka migumu, hata ya maboksi yaliyobandikwa vizuri, hulikata joto hilo. Bali dari peke yake haitoshi, kwa kuwa hewa iliyofungiwa kati ya dari na bati huiva mchana kutwa na mwisho hupenya. Toboa matundu katika ile pembe tatu ya ukuta iliyo chini ya kilele cha paa, upande huu na upande ule, uyazibe kwa wavu ili popo na panya wasiingie. Hewa ya moto itatoka yenyewe, maana hewa ya moto hupanda daima. Usiweke dari ya maboksi au magunia jikoni, wala mahali penye taa ya moto.

Wako watakaouliza: na Julai je, wakati wa ukungu na baridi, nyumba yenye paa jeupe haitatugandisha? Baridi ya Julai hasa ni ya usiku, na usiku rangi ya bati haisaidii kitu. Kinachosaidia ni dari, ile ile uliyoiweka kwa ajili ya Februari, pamoja na kufunga yale madirisha ya juu. Neno moja tu nalisisitiza: usiingize jiko la makaa chumbani mkalala nalo milango imefungwa. Moshi wake usioonekana huua.

UKUTA WA MAGHARIBI

Jua la alasiri hushuka chini, nalo hupiga ukuta wa magharibi uso kwa uso. Upenu wa paa hauwezi kuukinga, kwa sababu miale huja imelala. Ukuta wa mawe wa inchi tisa hunywa joto lile tangu saa nane hadi saa kumi na mbili, kisha huchukua saa nyingi kulipitisha, likafika ndani wakati watu wamelala. Ndiyo maana chumba cha magharibi huwa na joto usiku hali nje ni baridi, na wenyewe hushangaa.

Kwa hiyo ijenge nyumba urefu wake uende mashariki na magharibi, na madirisha yatazame kaskazini na kusini. Kuta ndefu zitapata jua la juu juu tu, ambalo upenu wa futi mbili na nusu hulizuia. Kwenye ncha ya magharibi usiweke chumba cha kulala. Weka ghala, bafu au stoo ya vyombo. Upepo wetu hutoka zaidi upande wa mashariki, wa kaskazi au wa kusi kwa kadiri ya majira, nao utaingia katika kuta zile ndefu kwa mshazari bila taabu.

Na kama nyumba imekwisha kujengwa vibaya? Huwezi kuigeuza, lakini waweza kuikinga. Simamisha nguzo futi tatu kutoka ukuta wa magharibi, ufunge nyaya au fito, upandishe mmea utambaao kama karakara. Au panda mti.

Juu ya miti yapasa tuseme polepole, kwa kuwa ardhi ya Kitengela ni ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huu umekwisha kuvunja nyumba nyingi ambazo misingi yake haikufikishwa kwenye mwamba au murram. Mti mkubwa karibu na ukuta hunywa maji ya udongo upande mmoja, udongo ukasinyaa, na ukuta ukapata ufa wa kupitisha mkono. Basi kadiria kimo ambacho mti utafikia ukiisha kukua, nao usiwe karibu na nyumba kuliko kimo hicho. Mgunga wetu hustahimili udongo huu, na ule mpilipili wenye matawi yanayoning'inia kama nywele, mnaouona katika boma nyingi za serikali za zamani, hustahimili ukame. Maji ya kuoga na ya kufulia yatoshe kuukuza katika miaka miwili ya kwanza.

KUKU NA NG'OMBE

Kuku hatoki jasho. Joto likipita digrii 30 hivi, hufungua mdomo akahema, akaacha kula, akanywa maji tu. Kuku wa nyama aliyekaribia kuuzwa ndiye mwepesi kufa, kwa sababu mwili wake ni mkubwa na moyo wake umelemewa. Yaani hasara humpata mkulima akiisha kununua chakula chote. Fikiri tarehe ya kununua vifaranga: wakikomaa katikati ya Februari ndani ya banda la bati jeusi, umejitafutia msiba.

Banda la kuku nalo lilale mashariki na magharibi. Kuta ndefu ziwe za kimo cha futi mbili, na juu yake wavu mpaka kwenye paa, uwe na pazia la magunia la kuteremsha usiku wa baridi. Wape chakula alfajiri na jioni. Saa sita usiwabughudhi. Halafu tazama tangi lako. Tangi jeusi la plastiki lililo juani, na mpira mweusi uliolala juu ya ardhi, huwapelekea kuku maji ya moto saa ile ile wanayohitaji maji baridi. Nimeona mabanda mazuri yakiharibiwa na jambo hili dogo. Lijengee tangi kivuli, ufukie mpira chini ya udongo inchi chache, na saa sita mchana umwage maji yaliyosimama katika vyombo uweke mapya.

Ng'ombe wa Friesian ni mtu wa nchi ya baridi. Joto likizidi digrii 25 huanza kusumbuka, maziwa hupungua, na kupata mimba huwa shida. Mwenye maziwa mengi aweza kunywa zaidi ya lita 80 kwa siku ya joto, naye asipoyapata usimlaumu. Paa la zizi liwe juu, futi kumi si nyingi, na pande ziwe wazi. Wale wanaokaa kusini zaidi, ambako maji ni haba, wafanye shauri na afisa wa mifugo habari ya Sahiwal. Huyo asili yake ni India na Pakistani, hustahimili jua, na Wamaasai wengi wamekwisha kumchanganya na ng'ombe wao. Baada ya mvua tano kukosekana mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, hatudhani yupo mfugaji wa Kajiado anayehitaji kuambiwa zaidi juu ya hili.

WATU WENYEWE

Kazi ya jembe na ya ujenzi ianze kukipambazuka, ikome saa tano, irudiwe saa kumi. Watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wenye ugonjwa wa moyo au sukari ndio wa kuangaliwa kwanza. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata katika joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza, mtoe juani, mlegezee nguo, mpe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kusema ovyo, au kuanguka, na mwili wake ukawaka moto, hiyo ni hatari ya kifo. Mpeleke hospitali mara moja. Wakati mnatafuta gari, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, msingoje. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

UPIMAJI WA VIWANJA

Hili ni la wenye mashamba, na ndilo lenye matokeo ya muda mrefu kuliko yote. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha mashamba ya pamoja ya ufugaji, na ile ya Kitengela ikagawanywa kwa wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo ekari nyingi zimekatwa tena na tena, mpaka tumefika kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Sasa, mpimaji akikata viwanja hivyo ili vile vya futi 50 upana viende kaskazini na kusini kwa urefu, mnunuzi hulazimika kujenga nyumba ndefu yenye ubavu wake mzima kutazama magharibi. Nyumba mia zitajengwa hivyo, na watakaozilala ni wajukuu. Kugeuza mistari katika karatasi kabla ya mawe ya mipaka kuzikwa hakugharimu senti. Basi mzee unayetaka kugawa shamba lako, mwambie mpimaji: urefu wa viwanja uende mashariki na magharibi, na barabara iachiwe nafasi ya safu ya miti. Akikuambia mnunuzi hajali, mwulize kama yeye hulala chumba cha magharibi.

Tena ukuta wa mawe wa futi nane kuzunguka kila kiwanja huzuia upepo. Mahali usalama unaporuhusu, ua wa miti au wavu wafaa zaidi.

KAZI YA PAMOJA

Mji wa Ahmedabad huko India ulipigwa na joto katika Mei 2010, wakafa watu zaidi ya 1,000 kuliko kawaida ya mwezi huo. Mwaka 2013 mji uliweka mpango: watu huonywa mapema, wauguzi hufundishwa, na baadaye mapaa ya maskini yakaanza kupakwa rangi nyeupe. Sisi hatuhitaji kungoja mji. Watu wa nyumba kumi waweza kuamua ni jengo lipi lenye baridi, kanisa au darasa, litakalokuwa wazi mchana kwa wazee. Na nani atamwita mzee anayeishi peke yake. Waweza pia kununua chokaa pamoja, wakaanza na paa la shule na la huyo mzee.

Kwa paa ambalo maji yake ya mvua hunywewa, tumieni rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa mabati, na mwuzaji awahakikishie kwamba haidhuru maji. Mvua ya kwanza iachwe ipite isiingie tangini. Kwa paa la kuku na la ghala, chokaa yatosha. Loweka chokaa usiku mmoja, uichuje kwa gunia, uizimue mpaka iwe kama uji mwepesi, utie gundi nyeupe ya seremala kidogo ili ishike. Ile desturi ya kutia chumvi ni ya ukuta tu. Juu ya bati chumvi huleta kutu. Suguani bati kwanza kwa brashi na maji, likauke. Pakeni mara mbili, na kila mwaka baada ya mvua za Novemba na Desemba mrudie. Mwenye kupaka akinge macho yake, maana chokaa huunguza, na akanyage juu ya ubao uliolazwa kwenye mistari ya misumari. Aanze alfajiri, kwa kuwa bati likiisha kupata moto saa nne, chokaa hukauka kabla haijashika ikapeperuka yote.